Mdogo wangu anataka mtaji wangu wa dagaa akanunue PS5

Anti shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu maana nyumbani hapakaliki. Nipo Kigoma, biashara yangu ni dagaa, nanunua pale Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, zikikauka nafunga magunia natuma Tabora na Dar. Sio biashara kubwa kivile ila ndo imesomesha wadogo zangu na ndo inalisha nyumba tangu mzee aanze kuumwa miguu.

Sasa nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 20, alimaliza form four matokeo hayakuwa mazuri, toka hapo ni yeye na banda la gemu. Lipo huku Mwanga, lina TV nne na PS za zamani, zile mashine za kuchezea gemu, ukipita jioni makelele yake utadhani Simba na Yanga. Na kusema ukweli Anti anajua, sisemi kwa kuwa ni ndugu yangu, nimeshaenda kumfata usiku nikakuta watu wamejaa wamesimama nyuma yake, kijiti mdomoni, vidole vinatembea kwenye pedi, kile kidude cha kushika cha kuchezea, hata haviangalii, yule anayecheza naye jasho linamtoka. Wanamwita Profesa. Hapo bandani aliyefungwa ndo anayelipa mechi, kwa hiyo yeye anaweza kucheza toka asubuhi mpaka usiku hajatoa hata mia.

Miezi hii kaja na jipya, anasema anataka kuwa mchezaji wa kulipwa wa gemu la mpira, kwamba ni ajira kama ajira nyingine, eti kuna mtu alishinda dola laki mbili na nusu kwa kucheza gemu na timu za Ulaya zinasajili watu kabisa na jezi wanapewa. Anachotaka ni nimtolee milioni moja na nusu anunue PS5, bado TV, bado intaneti ya kufunga nyumbani, halafu atanirudishia akianza kushinda. Anti hiyo ndo karibu mtaji wangu wote.

Mzee hataki hata kusikia, anasema huo ni uhuni, gemu ni la watoto. Mama yuko upande wa mdogo wangu, ananiambia mpe mwenzio usimzibie riziki, mbona wewe shangazi yako alikuona unabebea watu magunia mwaka mzima akakuonea huruma akakupa mtaji, na wewe si umsaidie mwenzio. Hilo la kuzibia mtu riziki ndo linaninyima usingizi.

Kuna na jamaa amempata mtandaoni, anasema yupo Dar ana akademi ya wachezaji wa gemu, anataka laki moja na nusu ya usajili halafu atamtafutia timu nje. Kila siku dada lile jambo, dada lile jambo. Simu niliyomnunulia sikukuu siku hizi haipo, iko hukohuko bandani, kuna siku waliwekeana hela akafungwa akaiacha bondi, ila anasema ataikomboa. Siku nyingine huwa anakula yeye, aliwahi kurudi na elfu themanini akamnunulia mama kitenge.

Naomba unisaidie Anti, hii kazi ipo kweli au mdogo wangu anaota? Nikimpa nitakuwa nimetupa hela ziwani, nikimnyima nitakuwa nimemharibia maisha? Jina langu usilitaje.

Dada mtu, Kigoma

*

Marahaba mwanangu, na mzee mpe pole ya miguu. Nikujibu kabisa hapa mwanzo usije ukasoma roho ikiwa juu: kazi ipo, mdogo wako haoti, na mtaji wako usiuguse.

Tuanze na hilo la kwanza maana mzee naye inabidi asikie. Huyo wa dola laki mbili na nusu yupo kweli, tena wapo wawili. Mwaka 2018 pale London kijana wa Saudi Arabia anaitwa Mosaad Aldossary, miaka 18 tu, alichukua ubingwa wa dunia wa gemu uliokuwa unaandaliwa na FIFA wenyewe na dola 250,000 juu. Mwaka uliofuata akafika fainali tena, London hapohapo, akafungwa na Mjerumani Mohammed Harkous, na huyo naye akaondoka na 250,000 yake. Na timu kusajili ni kweli. West Ham ya Uingereza ilisajili mchezaji wa gemu 2016, Wolfsburg ya Ujerumani walishaanza kabla yao, Uholanzi mwaka 2017 timu za ligi kuu zikawa na ligi yao ya gemu, na Ligi Kuu ya Uingereza ikaja na ya kwake msimu wa 2018/19. Aliyesajiliwa anavaa jezi ya timu, anaiwakilisha kwenye mashindano, anapiga video za kuchangamsha mashabiki, analipwa. Kwa hiyo hilo la gemu ni la watoto mwambie mzee kwa adabu kwamba hao watoto wana mikataba.

Ila sasa ugeuze ukurasa uone nyuma yake, maana mdogo wako amekusomea upande mmoja. Mashindano hayo ya dunia yalianza 2004, na mpaka yale ya 2023 watu waliowahi kuyachukua zaidi ya mara moja ni wawili tu, Mhispania Alfonso Ramos (2008 na 2012) na Mfaransa Bruce Grannec (2009 na 2013). Dunia nzima, miaka yote hiyo, wawili. Wengine wote walipata siku yao moja wakapisha. Na hela yenyewe haikuwa nono siku zote, bingwa wa 2016 alipewa dola 20,000, wa 2017 akapewa 200,000, yaani mwaka mmoja tu wenye mashindano wameamua kuongeza. Wakiamua kupunguza je? 2020 na 2021 fainali hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona. Kuja 2022 FIFA na EA, hao wenye gemu, wakatangaza kuachana, toka 2023 gemu lililokuwa linaitwa FIFA likaitwa EA Sports FC, na FIFA wakaenda zao, 2024 kombe lao la gemu wakalifanya kwa eFootball ya Konami ambalo ni gemu lingine kabisa. Hebu fikiria mtu kakaa miaka kumi anasomea FIFA halafu anaamka anaambiwa kombe limehamia kwa jirani. Mchezaji wa timu ya Mashujaa hapo uwanja wa Lake Tanganyika hakuna mtu anaweza kumwambia mpira wa miguu tumeubadilisha kuanzia Septemba. Wa gemu anaambiwa, na hana wa kumlalamikia, maana gemu ni mali ya kampuni.

Tuje bandani sasa. Muulize Profesa swali moja, hapo mnacheza gemu la mwaka gani? Mabanda mengi ya huku mikoani yana PS3 au PS4 na gemu la miaka ya nyuma ambalo fundi kalichezea akabadilisha vikosi na jezi lionekane jipya. Sio kosa la mwenye banda, anafanya biashara. Lakini mashindano yanachezwa kwa gemu la mwaka huu, na kila mwaka ikikaribia Oktoba linatoka lingine, na likitoka kasi imebadilika, kukaba kumebadilika, lile shuti la pembeni ya boksi ambalo kila ukipiga linaingia sasa kipa analidaka. Wenzake wanaanza kujifunza upya siku lilipotoka. Yeye ni bingwa wa mwaka ambao umeshapita.

Halafu kwenye hayo ya EA hawachezi ile ya wewe chukua Barcelona mimi nachukua City, wanacheza Ultimate Team, timu hupewi bali unaijenga kwa kukusanya kadi za wachezaji, ama kwa kucheza sana ama kwa kutoa hela. Mchujo wake wa wikendi ulikuwa mechi 40 kwenye FIFA 17, kuja FIFA 22 wakashusha mpaka 20. Hata hizo ishirini mwanangu zilikuwa za kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi, onlaini, na mtu humjui humuoni, wa Madrid au wa Riyadh. Na onlaini ni dunia nyingine. Bandani pedi inaongea na mashine iliyo mbele yake, akibonyeza imetii. Onlaini akibonyeza pasi, amri inasafiri mpaka ilipo seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, ndo irudi, na kama njia ni ndefu au mtandao unasuasua mchezaji wake anageuka wakati mwenzake ameshauchukua mpira. Kipaji hapo hakina cha kufanya. Umeme ukikatika dakika ya 80 anaongoza, imeandikwa kafungwa. Kwa hiyo hata ukinunua hiyo PS5, hujanunua kazi, umenunua mashine tu, bado kuna intaneti ya kila mwezi, bado gemu jipya kila mwaka, bado hizo kadi.

Na kuna hili la aliyefungwa ndo analipa. Ndo linalompotosha kuliko yote. Kwa kuwa hafungwi anacheza bure siku nzima, kichwani inamjengea picha kwamba gemu linamlipa. Halimlipi. Halimdai tu.

Sasa mbona nasema kazi ipo. Kwa sababu mlango wa kujaribu hauko kwenye PS5, upo kwenye simu. eFootball ni ya bure kupakua, na kwenye hilo kombe la FIFA la 2024 kule Riyadh kulikuwa na mashindano ya wanaocheza kwa konsoli, yaani mashine kama PS, na mengine ya wanaocheza kwa simu, hiyo ya simu akaichukua Mmalaysia. Kwa simu! Kwa hiyo mtu akisema hawezi kuanza bila milioni na nusu hajafuatilia vizuri hiyo kazi anayoitaka. Alichokuwa anahitaji kuanzia alikuwa nacho mkononi, dada yake alimnunulia sikukuu, halafu akakiacha bandani.

Hapa ndo nataka ukae chini. Hiyo habari ya simu umeipitisha mwishoni haraka haraka kama kitu kidogo, na mimi nimesoma barua yako yote nikaona ndo jambo lenyewe. PS5 sio shida yako ya kwanza, shida ni kubeti. Elfu themanini iliyokuja na kitenge na simu iliyobaki bondi ni kitu kimoja, ila kimoja kilimfurahisha mama na kingine hakikumfurahisha mtu. Ile themanini ilitoka kwenye mfuko wa kijana mwingine ambaye nyumbani kwao nao wanaulizana simu iko wapi. Ukimwekea mashine ya milioni moja na nusu mtu ambaye ameshajifunza kuacha vitu bondi, hiyo mashine itakaa kwako muda gani? Mimi sitaki kumsema vibaya, ana miaka 20 na watu wanamshangilia kila usiku, hata mtu mzima kichwa kingemvimba. Ila mtaji haukai karibu na dau.

Huyo wa Dar wa laki moja na nusu asipewe hata mia mbovu. Timu ikimtaka mchezaji inamlipa, haimtozi. Mwambie mdogo wako amuombe vitu vya kawaida tu, jina la kampuni iliyosajiliwa, mkataba wa kusoma kabla ya kutoa hela, na mchezaji mmoja aliyeshampeleka timu ambaye mnaweza kumpigia. Utaona atakavyowablok.

Basi fanya hivi. Simu aikomboe yeye, wewe usiikomboe hata kama inakuuma. Si una magunia ya kupakia, umwajiri kama unavyoajiri kibarua mwingine, siku kwa siku, bei ileile, bila undugu, mpaka hela itimie. Akishaipata na akakubali kwamba habari ya kuwekeana hela imekwisha, hapo wewe utamnunulia bando la wiki, na huo ndo utakuwa mchango wako kwenye kipaji chake, na ni mkubwa tu, usijisikie vibaya. Hilo gemu la eFootball lina madaraja, unaanzia la 10 unapanda kuelekea la 1, na unakutana na watu wa kila nchi, sio wa Mwanga pekee. Huhitaji kujua mpira wala gemu, kila mwisho wa mwezi mwambie akuoneshe yuko daraja la ngapi. Namba ikishuka anapanda, ikiganda ameganda. Mpe miezi sita hivi. Akiwa mkali kama wanavyosema, simu yenyewe itasema, na atakuwa na kitu cha kumuonesha mtu yeyote mwenye mashindano, tofauti na sasa ambapo shahidi wake ni wale waliosimama nyuma yake na kijiti chake mdomoni. Akifika la 1 akakaa huko asishuke, hapo tuanze kuongelea mashine, na hata hapo kwa faida, sio kwa mtaji.

Hii ya mtaji wewe unaijua kuliko mimi. 2024 ziwa lilifungwa toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti samaki wapumzike, miezi mitatu hakuna mtumbwi. Mngekuwa na PS5 sebuleni na mtaji hakuna, mngekula pedi?

Wakati huohuo asikae na gemu peke yake. Hata huko kwenye hela, wanaoishi kwa gemu sio wote wanaoshinda makombe. Kuna wanaorusha mechi laivu na kuchambua, kuna wanaotangaza, kuna wanaoandaa ligi, na kwa Kiswahili chenye ladha mtu anayejua gemu na ana mdomo anaweza kupata watazamaji wake. Angeanza kwa kumuomba mwenye banda wafanye kaligi ka mtaa, ratiba ukutani, zawadi jezi, hakuna dau, na yeye awe mwandaaji sio mchezaji. Hapo utamjua kama anaipenda hii kazi au anapenda kushangiliwa. Na kitu kingine ambacho hamjakiona, zile pedi. Nenda banda lolote la Mwanga, Gungu au Ujiji, utakuta pedi ile fimbo ya kuongozea imekwisha mpira, mchezaji anatembea mwenyewe kulia hata hujamgusa, wameizungushia solteipu mambo yanaendelea. Nani anatengeneza? VETA ipo hapo Kigoma. Kijana anayejua gemu na anajua kufungua pedi na mashine akabadilisha kilichokufa atakula toka mabanda yote hayo, na EA wakibadilisha jina la gemu au wasibadilishe yeye haimuhusu. Ada ya kozi kama hiyo ndo hela ambayo ningekwambia toa bila kuniuliza mara mbili.

Mama naye usigombane naye. Anasema shangazi yako alikusaidia, sawa, ni kweli, lakini mama mwenyewe ameshakwambia jibu, shangazi alikuona unabeba magunia ya watu mwaka mzima ndipo akatoa. Hakutoa siku uliyosema unataka kuuza dagaa. Mwambie hivyohivyo kwa upole, kwamba na wewe unasubiri kumuona mwenzio akibeba, kisha utatoa kama shangazi alivyotoa. Nadhani hapo atakuelewa, na asipoelewa leo ataelewa simu ikirudi.

Profesa mwenyewe atanuna. Atasema humuamini, atasema wenzake dada zao wanawasapoti, labda atahamia bandani kabisa siku mbili tatu. Mwache, njaa itamleta. Bando usimnyime akishatimiza sehemu yake, maana na wewe ukivunja ahadi hapo ndo utakuwa umemzibia kweli. Na siku akikuonesha daraja la 5 uniandikie tena, hapo tutaongea lugha nyingine.